Mvua ya Upande Mmoja

Umeme ukikatika hapa mtaani kwetu Chake, jirani yangu huwasha jenereta kabla feni hazijamaliza kuzunguka. Harufu ya petroli hupenya dirishani, na mimi huacha ninachokifanya. Wanangu hudhani nakereka na kelele. Sikereki na kelele. Harufu ile hunichukua ikanirudisha Wambaa, kwenye banda la Bwana Hamad, na nikishafika pale masikio hunipata moto, kama kwamba watu wale bado wamekaa kwenye mikeka yao na bado wananitazama.

Wa umri wangu mtayakumbuka mabanda ya video, maana ilikuwa nadra kijiji kukosa lake. La kwetu zamani lilikuwa ghala la makonyo, vile vijiti vya karafuu, na kuta zake hazikuwahi kusahau harufu yake. Bwana Hamad aliziba madirisha kwa magunia, akaweka televisheni juu ya meza na deki chini yake, kisha akatundika shuka katikati: wanaume upande huu, wanawake na watoto upande ule. Jenereta lilinguruma nje ya mlango. Ukitaka kusikia sinema ilikubidi uvute pumzi ya petroli na makonyo kwa pamoja, na mimi hadi leo sijui harufu nyingine inayonukia starehe kiasi kile, wala inayonitia haya kiasi kile.

Shangazi yangu Riziki, kitinda mimba wa Bibi, alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam si muda mrefu. Alikwenda kwa jamaa zetu kujifunza cherehani, na cherehani alijifunza kweli. Lakini alikuwa mwepesi wa miguu tangu shuleni, ngoma za sikukuu zilikuwa hazianzi mpaka afike, na huko Dar watu wa sinema wakamwona akicheza kwenye harusi. Walikuwa wanatengeneza filamu ya wasichana wa kikundi cha dansi. Aliyechaguliwa kuwa mkubwa wao alikuwa amegombana na mwenye filamu akaondoka, basi nafasi ile akapewa shangazi. Habari zilipofika kwetu, Baba, ambaye alikuwa fundi mwashi na mtu wa maneno machache, alisema jambo lile lisitajwe nyumbani kwake. Bibi aliuliza kitu kimoja tu: alipocheza alijifunika nywele? Shangazi akajibu kuwa hakujifunika. Bibi akasema, basi tusubiri.

Kilichosubiriwa ni hiyo CD. Ilijulikana kwamba itafika, kwa sababu kila kitu kilichouzwa Unguja kilifika kwa Bwana Hamad siku moja au nyingine. Shangazi mwenyewe hakuwahi kuiona filamu ile; alirudi kabla haijakamilika. Lakini alijua watu wa kwetu, na alijitayarisha. Nakumbuka alivyomwambia Bibi, mimi nikiwa pale pale nachagua mchele.

"Wakinisema msikitini nitanyamaza. Wakinisema kisimani nitanyamaza. Ila sitosema nimejuta, mama, kwa sababu sijajuta. Nilicheza vizuri."

Mimi nilimtazama shangazi nikaona amekaa wima kama mtu aliyekwishavaa kwa ajili ya safari. Alikuwa amejitayarisha kulaaniwa. Kuchekwa hakukumpitia kichwani.

CD ilipofika, yeye hakwenda. Aliona si adabu kwenda kujitazama mbele za watu. Mimi nilikwenda na Bi Mize, jirani yetu, mwanamke mnene mwenye sauti nyororo ambaye alinibeba mgongoni nikiwa mchanga na ambaye alikuwa akikusanya watoto wa mtaa mzima kila alasiri baada ya sala na kutupeleka bandani kama kuku na vifaranga wake. Nilikaa karibu na miguu yake. Nilikuwa natazama sinema kila siku, lakini sijapata kumwona ndani ya televisheni mtu niliyekula naye sahani moja mchana ule ule.

Filamu yenyewe ilikuwa na jina refu la majonzi ambalo hakuna aliyelitumia. Ilikuwa habari ya wasichana maskini wanaotaka kushinda mashindano ya dansi hotelini. Baba wa msichana mkubwa, yaani baba wa shangazi yangu humo ndani, alikuwa kijana aliyebandikwa ndevu za pamba, na kila alipogombeza ndevu zilitembea kidogo kidogo kuelekea sikioni. Adui yao alikuwa mwanamke aliyekunja uso tangu mwanzo hadi mwisho, akatia sumu kwenye soda mbele ya macho ya kila mtu, na hakuna aliyemwona isipokuwa sisi. Shangazi akainywa. Kisha, badala ya kwenda hospitali, akatoka nje kucheza kwenye mvua. Mvua ile ilitoka kwenye mpira wa maji, na mtu aliyeushika alikuwa upande mmoja tu. Shangazi alilowa bega la kushoto. Upande wa kulia jua lilikuwa linawaka, na mbuzi mmoja akapita polepole, mkavu, akamtazama, akaendelea na safari yake. Mwisho shangazi akasimama, akashika kifua na kusema, "Mimi nakufa, lakini miguu yangu bado inacheza." Akaanguka. Na miguu yake, iliyovaa viatu vya rangi ya fedha, ikaendelea kucheza pale chini, yenyewe, muda mrefu, huku uso wake umekwisha kufa.

Banda lililipuka. Sijapata kusikia watu wakicheka vile. Wanaume walipiga mikeka kwa viganja. Bi Mize alijifunika uso kwa upindo wa buibui na tumbo lake lote likatikisika juu ya kichwa changu. Walimwomba Bwana Hamad arudishe mbuzi. Akarudisha. Wakaomba arudishe miguu. Akarudisha tena na tena, mpaka jenereta likaishiwa na mafuta.

Sasa nieleze mimi nilielewa nini. Nyumbani kwetu kicheko kilikuwa kitu adimu na kitu cha heri. Baba alirudi kazini mgongo unamuuma. Bibi alikuwa na mambo yake ya kuwazia. Siku Bibi alipocheka tulijua kila kitu kiko sawa, na sisi watoto tulilala vizuri. Hakuna aliyenifundisha kwamba kuna kicheko chenye meno. Kwa hiyo niliona watu wazima wa Wambaa wamefurahi mpaka machozi yanawatoka, na aliyewafurahisha ni shangazi yangu. Nilitoka pale nikitembea mbele ya Bi Mize, kidevu juu.

Baada ya hapo ikawa kama ada. Kila Ijumaa alasiri iliwekwa ile ile, na watu walikwisha kuihifadhi. Walikuja wageni kutoka Mkoani, wakaja vijana wa Makoongwe kwa mashua zao. Walileta miavuli, na mvua ikianza kwenye televisheni waliifungua yote ndani ya banda. Wazee waliokuwa na ndevu zao wenyewe walizivuta kuelekea sikioni kila baba yule alipogombeza. Maneno ya mwisho yalisemwa na banda zima kabla shangazi hajafumbua mdomo. Vijana wengine walipomwona ameanguka walisema innalillahi, na hilo ndilo jambo pekee lililofika msikitini. Shehe aliwakemea kwamba maneno ya Mungu hayachezewi. Kuhusu nywele wazi za shangazi hakusema neno. Nani angeweza kukasirika? Sinema ilikuwa mbaya mno hata kwa kukasirikiwa.

Na mimi nikawa mtu maarufu. Shuleni, dukani, kisimani, popote niliposimama, mtu aliniita. "Ntoto wa Riziki, hebu tufie kidogo." Nami nilikufa. Nilishika kifua, nikasema maneno yangu, nikaanguka chini nikachezesha miguu. Walinipa kashata. Walinipa maembe mabichi yaliyopakwa chumvi na pilipili. Harusini kwa akina Bi Mize nilikufa mbele ya wanawake kibao, na bibi harusi mwenyewe alicheka mpaka wanja ukamchuruzika. Nilikuwa sifanyi mzaha. Nilikuwa nafanya vile nilivyoona shangazi amefanya, kwa bidii yangu yote, na nilijitahidi kila mara nife vizuri zaidi.

Shangazi wakati huo alikuwa haelewi. Alijiandaa kupigwa mawe, na badala yake watu walimsalimu kwa bashasha. Wanawake walimuuliza hali huku wameuma midomo. Wanaume waliinamisha vichwa alipopita. Nadhani alianza kuamini kwamba amesamehewa, au hata zaidi ya hivyo, kwa maana nilimsikia akiimba kwenye cherehani, jambo ambalo hakulifanya tangu arudi. Siku moja aliniita. Alikuwa anashona sare za shule, na aliniuliza bila kuinua macho.

"Unakwenda kwa Hamad kila Ijumaa. Watu wanasemaje kuhusu sinema yangu?"

Nilikuwa nimengoja swali hilo kwa hamu. "Wanaipenda, shangazi. Wanacheka mpaka wanalia."

Cherehani ikasimama. "Wanacheka wapi?"

"Kwenye mvua. Na kwa mbuzi. Na unapokufa, hapo ndipo wanapocheka zaidi."

Kisha aliniomba nimwoneshe. Hakuna hadhira niliyowahi kuitamani kama ile. Nilisimama katikati ya chumba, nikashika kifua, nikasema maneno yote bila kukosea, nikaanguka kwenye vipande vya vitambaa vya sare na nikachezesha miguu mpaka nikahema. Nilipofumbua macho shangazi alikuwa bado ananitazama. Hakucheka. Nikadhani nimekosea mahali. Nikamuuliza kama miguu haikuwa sawa.

"Iko sawa," alisema. "Iko sawa kabisa." Akarudi kwenye cherehani, akakanyaga.

Ijumaa iliyofuata aliniambia nitangulie bandani nikakae, na nisiseme kwamba anakuja. Nikafikiri anataka kuwashitukiza watu kwa furaha. Nilikaa mahali pangu karibu na Bi Mize, na baada ya muda mwanamke mmoja akaingia, buibui mpaka chini, uso umefunikwa yamebaki macho tu, akakaa upande wangu wa pili. Wageni walikuwa wengi siku hizo, hakuna aliyemjali. Mimi niliijua mikono yake. Kidole chake cha shahada kilikuwa na alama za sindano.

Ilianza. Mikono ile ilikuwa imelala mapajani. Miavuli ilipofunguliwa, ikashikana. Mbuzi alipopita na banda likapiga kelele za kumpokea, kama anapokelewa bwana harusi, mmoja wa mikono ile ulikuja ukanishika wangu, na ulikuwa wa baridi. Bi Mize, ambaye alipenda kuwasaidia wageni, aliinama juu yangu amweleze yule mama asiyemfahamu.

"Huyu ni wa papa hapa, jirani yangu," alisema kwa sauti yake nyororo. "Ati ndio kacheza. Masikini mamake. Ingekuwa mwanangu mie, nisingetoka nje."

"Kweli, Bi," shangazi akajibu.

Sijui namna ya kueleza kilichotokea ndani yangu. Hakuna aliyenieleza kitu, na hakuna kilichobadilika. Watu walikuwa wale wale na kicheko kile kile. Lakini nilikisikia upya, kama unavyosikia neno ulilolitumia siku zote na ghafla ukajua kumbe ni tusi. Nilimwangalia Bi Mize, midomo yake iliyolowa, na nikaiona harusi, na kisima, na kashata. Damu ilinipanda masikioni. Nilitamani jenereta lizime. Badala yake ikafika sehemu ya kufa, na kama ilivyokuwa kawaida sasa, mtu wa upande wa wanaume akaita ntoto wa Riziki apite mbele afe pamoja na sinema. Wengine wakaitikia. Bi Mize akanisukuma mgongoni kwa upendo.

Sikuweza kuinuka. Aliyeinuka ni shangazi.

Alipita kati ya watu taratibu, akiomba radhi kwa kila aliyemkanyagia mkeka, mpaka mbele, akasimama kando ya televisheni pale ambapo pande zote mbili za shuka zilimwona. Akafunua uso. Kwanza akatoa salamu, "Asalaam aleikum," na kwa kuwa salamu hairudishwi kwa kicheko, watu wakameza vicheko vyao wakaitikia, mmoja mmoja, vibaya. Kwenye skrini miguu yenye viatu vya fedha ilikuwa bado inacheza. Akamwomba Bwana Hamad airudishe filamu mwanzo wa mvua. Alisema yeye hajawahi kuiona vizuri, na angependa kuiona.

Bwana Hamad alirudisha. Angefanya nini? Shangazi akakaa chini pale mbele, peke yake, mgongo kwetu, na sote tukatazama. Mpira ukamwaga maji. Jua likawaka upande wa kulia. Mbuzi akapita, na hakuna aliyempokea. Baba yule akatoka kumgombeza, ndevu zikaenda sikioni. Hakuna aliyekohoa. Sikujua mpaka siku ile kwamba sinema ile ilikuwa ndefu hivyo, na bila kicheko cha watu ilikuwa kama maiti iliyofunuliwa shuka. Nilimwomba Mungu mtu acheke. Mtu yeyote, hata mmoja. Nilijikaza nicheke mimi, nikashindwa. Shangazi wa televisheni akasema maneno yake ya mwisho na hakuna mdomo uliomsindikiza, akaanguka, na miguu ikacheza na kucheza ndani ya kimya kile mpaka ikakoma yenyewe.

Shangazi akasimama akatugeukia. Nilitegemea machozi, au maneno makali. Uso wake ulikuwa wa mtu anayefanya hesabu ngumu.

"Ni mbaya," alisema. "Mbaya kweli. Mbona hakuna aliyenambia?"

Alisubiri kidogo, kama kwamba alitaka jawabu hasa. Wazee waliangalia mikeka. Kisha akajifunika uso akatoka, na mimi nikamfuata mbio, nikamkuta anatembea kwa mwendo wake wa kawaida. Bibi alikuwa kibarazani. Akamuuliza ametoka wapi, naye akasema ametoka kutazama sinema yake. Bibi akamtazama usoni, akamwambia aende akale.

CD ile haikuonekana tena Wambaa. Wengine walisema Bwana Hamad aliirudisha Unguja, wengine kwamba aliivunja. Shuleni hakuna aliyeniomba nife. Watoto walikuwa wamekatazwa na wazazi wao, na walinikwepa, kwa hiyo nikajua kwamba kila nyumba ilikuwa na mazungumzo yake. Baba naye, jioni alizotoka kazini, alianza kupanga matofali mbele ya nyumba, na kabla ya Ramadhani shangazi alikuwa na chumba chake cha cherehani chenye dirisha la barabarani.

Watu wakamjia. Walikuja na vitambaa hata wasio na haja navyo. Wanawake waliokwisha kushonewa nguo za sikukuu kwingine walikuja kushonewa nyingine. Hakuna aliyeitaja sinema, hakuna aliyeomba radhi. Walitandaza kitambaa mezani wakasema wanataka hivi au hivi, na shangazi akawapima. Mimi nilikuwa namshikia sanduku la pini. Alishona kila kilicholetwa, akashona vizuri, na kuimba hakuimba.

Nimeishi na jambo hili miaka mingi, na nimejaribu kulipa jina. Si kosa, nilikuwa mtoto na sikujua, kila mtu angeniambia hivyo. Ni aibu ya aina nyingine, ya mtu aliyekuwa na furaha kubwa kuliko zote za utoto wake, akaja kugundua furaha yenyewe ilikuwa imetengenezwa kwa kitu gani. Siwezi kuikumbuka furaha ile bila kuona haya, na siwezi kusema kwamba haikuwa furaha.

Bi Mize alikuwa wa mwisho kuja. Alikawia mpaka sikukuu ikabaki siku chache, akaja na kitambaa cha maua, akasimama katikati ya chumba bila kujua aweke wapi mikono yake. Shangazi alimkaribisha kwa heshima zote. Akamwomba anyanyue mikono, akapitisha utepe kifuani, akapiga magoti kumpima urefu, na pini zilikuwa midomoni mwake kwa hiyo hakuweza kusema hata kama angetaka. Nilimwona Bi Mize akitazama kichwa kile kilichoinama miguuni pake. Mikono ilikuwa bado juu na machozi yalimtiririka mpaka shingoni, asiweze kuyafuta, kwa kuwa hakuambiwa ashushe.

"Riziki, mwanangu," alisema. "Siku ile mie nilisema..."

Shangazi akatoa pini midomoni, moja moja, akaziweka kwenye sanduku nililolishika. Akainuka. Sauti yake ilikuwa ya upole, sauti ya fundi kwa mteja wake.

"Geuka, Bi Mize, nikupime mabega."

Bi Mize akageuka, akaelekea ukutani. Na mimi, ambaye hakuna aliyeniambia kitu, nikageuka pia.